Funguo za Stoo: Hoteli ya Heliopolis Ilipogeuzwa Hospitali ya Jeshi, 1915

Hotuba kwa wanafunzi wa uuguzi katika Siku ya Wauguzi Duniani, tarehe 12 Mei

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wauguzi mlio kazini na mliostaafu, na nyinyi wanafunzi ambao sare zenu bado zinanukia duka: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu nawasalimu kwa upendo.

Kila mwaka siku hii tunamkumbuka Florence Nightingale na taa yake, na ni haki yake. Hata hivyo kamati iliponipa uhuru wa kuchagua jambo la kuzungumza, niliwaza juu ya kauli moja ambayo nimeisikia mara nyingi tangu nilipoanza kazi, kila penye mlipuko wa ugonjwa au ajali kubwa. Mkubwa fulani husimama na kusema kwa faraja: "Jengo limepatikana." Watu hushusha pumzi, kana kwamba kazi imekwisha. Leo nataka tutazame kwa makini mahali ambapo jengo lilipatikana kweli, tena jengo la fahari kuliko lolote ambalo mimi na nyinyi tutapewa tulifanyie kazi, ili tuone ni nini hasa kinacholifanya jengo liwe hospitali. Mahali penyewe ni Misri, nje kidogo ya jiji la Kairo, mwaka 1915.

Miaka kumi hivi kabla ya hapo, tajiri mmoja wa Ubelgiji, Baron Édouard Empain, ambaye utajiri wake ulitokana na reli na treni za umeme, alinunua eneo la jangwa kaskazini-mashariki ya Kairo na kuanza kujenga mji mpya. Wageni waliuita Heliopolis, na Wamisri wenyewe wakauita Masr el-Gedida, yaani Misri Mpya. Katikati ya mji huo ilijengwa hoteli iliyochorwa na msanifu wa Kibelgiji, Ernest Jaspar, na ikafunguliwa mwezi Desemba 1910. Ilikuwa na vyumba vipatavyo 400, ukumbi mkubwa wenye nguzo za marumaru, na kuba lililopanda mita 55 kutoka chini. Chini ya ardhi, katika vyumba vya ghala, palitandikwa reli nyembamba ya kusafirisha vyakula na mizigo hadi jikoni, kwa sababu jengo lilikuwa refu mno kwa mtu kubeba sinia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Naomba mkumbuke hiyo reli, kwa maana nitairudia.

Hoteli ya namna hiyo iliishi kwa wageni wa Ulaya waliokimbia baridi yao. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, wageni hao wakakatika, na Desemba mwaka huo Uingereza ikaitangaza Misri kuwa chini ya himaya yake. Majeshi kutoka Australia na New Zealand yakateremshwa huko kwa mafunzo, na kambi zao zikaenea jangwani kuizunguka Kairo. Jeshi la maelfu ya vijana linahitaji hospitali hata kabla risasi ya kwanza haijapigwa. Hoteli zilikuwa tupu, zina maji ya bomba, zina umeme, zina majiko ya kulisha mamia ya watu, na zote ziko karibu na reli. Hospitali Kuu ya Pili ya Australia ilipewa hoteli ya Mena House, karibu na mapiramidi, kisha ikahamia Ghezireh Palace, kasri lililojengwa kwa ajili ya wageni wa sherehe za kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869. Hospitali Kuu ya Kwanza, iliyosafiri kutoka Australia kwa meli iitwayo Kyarra, ilipewa Heliopolis Palace mwezi Januari 1915. Walikuja na vifaa vya vitanda 520.

Miezi ile ya mwanzo haikuwa na majeruhi wa vita, lakini wodi zilijaa. Vijana waliotoka katika mashamba ya Australia, wengi wao wakiwa hawajawahi kulala katika mabanda ya watu wengi, walishikwa na surua na nimonia, na wengine walileta magonjwa ya zinaa kutoka mitaa ya Kairo. Kulazimika kuwalaza wagonjwa wa kuambukiza ndani ya hoteli yenye ngazi moja kuu na ukumbi mmoja mkuu ni hatari ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiona, na ndiyo sababu wagonjwa hao walitafutiwa mahema nje, upande wa uwanja wa ndege. Kisha ukaja ule upepo wa jangwani unaoitwa khamsini. Ni neno letu lile lile la hamsini, kwa kuwa husemwa kwamba huvuma kwa vipindi katika muda wa siku 50. Upepo huo hubeba vumbi jembamba kama unga linaloingia kila mahali, na sote tunajua maana ya vumbi katika chumba chenye kidonda kilicho wazi.

Tarehe 25 Aprili 1915 majeshi hayo yalishushwa katika fukwe za Gallipoli, katika Uturuki ya leo, kupigana na jeshi la Dola ya Osmania. Wakubwa waliopanga vita walitazamia kwamba askari wangesonga mbele haraka na kwamba matibabu yangefanyika huko huko nchi kavu. Hawakusonga. Majeruhi walirudishwa ufukweni walikotoka asubuhi, wakapakiwa katika meli ambazo baadhi yake zilikuwa zimetoka kushusha farasi na nyumbu, na wakasafirishwa siku kadhaa hadi Alexandria, wengi wakiwa bado na bandeji ile ile waliyofungwa kwenye mchanga. Kutoka Alexandria walipandishwa treni, safari ya kilomita 200 na ushei, hadi Kairo. Katika siku 10 za kwanza majeruhi wapatao 16,000 waliingia Misri. Hospitali ya Heliopolis ilikuwa imejiandaa kwa vitanda 520.

Ningependa tukae kidogo na hesabu hiyo, kwa sababu wasomaji wa historia huipita haraka. Treni moja ikiingia usiku na watu 200, kila mmoja anahitaji kushushwa kwa machela, kutazamwa, kuvuliwa sare iliyogandamana na damu na matope, kuoshwa, kunyweshwa, kuandikwa jina, na kufunguliwa kidonda ambacho siku tatu hakijafunguliwa. Mkiwa wauguzi wawili hodari kwa mgonjwa mmoja, hiyo ni kazi ya nusu saa kwa uchache. Hesabuni wenyewe muone alfajiri ingewakuta wapi. Kabla hamjamaliza, treni ya pili imeingia.

Vyumba vya hoteli vikajaa, kisha kumbi, kisha veranda. Wakaanza kuchukua majengo ya jirani. Karibu na hoteli kulikuwa na bustani ya michezo iitwayo Luna Park, yenye ukumbi mpana wa watu kuteleza kwa viatu vya magurudumu, na ukumbi huo ukawa wodi. Kiwanda cha useremala kikawa wodi. Klabu ya michezo na kasino vikawa wodi. Hoteli ya Al Hayat kule Helwan, kusini ya Kairo, ikawa mahali pa wagonjwa kupata nafuu. Hospitali ile ya vitanda 520 ikapanuka, pamoja na matawi yake, hadi kufikia uwezo wa vitanda zaidi ya 10,000 ndani ya miezi michache.

Vitanda hivyo vilitoka wapi? Vya chuma havikuwepo vya kutosha. Mafundi wa Misri wakaombwa watengeneze vitanda kwa pongoo za mtende, yaani vile vijiti vinene vya katikati ya majani yake, kama wanavyotengeneza matenga ya matunda na vizimba vya kuku tangu zama za kale. Waliotoka pwani wanajua pongoo ya mnazi. Ya mtende ni ngumu na nyoofu zaidi. Fundi huikata vipande, hutoboa matundu, kisha hupachika kipande ndani ya kipande bila msumari hata mmoja, mpaka kitanda kinasimama chenyewe. Ni kitanda chepesi ambacho mtu mmoja anakibeba begani, na ni rahisi kwa bei. Picha za wodi ya Luna Park zinaonyesha safu za vitanda hivyo kutoka ukuta hadi ukuta chini ya paa la ukumbi wa starehe. Ninazitazama kama muuguzi, na naona mengine pia: kitanda ni cha chini, kwa hiyo anayefunga kidonda atafanya kazi kwa magoti au kwa mgongo uliopinda zamu nzima, na kila tundu lililotobolewa ni nyumba ya kunguni iliyo tayari. Pamoja na hayo, bila mikono ya mafundi wale, ambao majina yao hayakuandikwa popote, maelfu ya watu wangelala sakafuni.

Nikisema juu ya majina yasiyoandikwa, nawaomba radhi nitoke kidogo. Vita ile ile ilipiganwa hapa kwetu, na Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliwekwa kambi mahali ambapo leo tunapaita Kariakoo. Wapagazi kwa makumi ya maelfu walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa kuhara damu, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Hao hawakupewa hoteli. Kila ninaposhuka daladala Kariakoo nawakumbuka, na sikuona vema nisifie vitanda vya Heliopolis bila kuwataja wao.

Turudi hotelini. Wanafunzi, mmefundishwa kwamba wodi nzuri ni ile ambayo muuguzi akisimama mlangoni anawaona wagonjwa wote. Hoteli hujengwa kwa kusudi lililo kinyume kabisa, yaani mgeni asionekane. Ina korido ndefu zenye milango iliyofungwa pande zote mbili, na nyuma ya kila mlango kuna watu wawili au watatu. Mgonjwa anayevuja damu chini ya blanketi katika chumba cha mwisho wa korido anaweza kufa kimya huku muuguzi yuko hatua 20 kutoka kwake. Mazulia mazito yanayopendeza mguu hunywa usaha na damu na hayaoshwi. Bafu ni za kuogea mtu mzima wa afya, na mahali pa kumwagia na kuoshea vyombo vya choo vya wagonjwa 500 hapakuwazwa na msanifu yeyote wa hoteli. Ile reli ya chini ya ardhi iliweza kuleta chakula hadi jikoni, lakini kutoka jikoni hadi kinywani mwa mtu asiye na mikono hakuna reli. Hapo ni kijiko na muuguzi.

Mkumbuke pia kwamba penisilini iligunduliwa mwaka 1928. Mwaka 1915 kidonda kilichooza kilitibiwa kwa kisu na kwa kuoshwa, kuoshwa tena, na kufungwa upya, kila baada ya saa chache. Ilipofika kiangazi, meli zilileta wagonjwa wengi wa kuhara damu na homa ya matumbo, na kwa hao pia dawa za kutegemewa hazikuwepo: ni maji ya kunywa kidogo kidogo, usafi, kugeuzwa ili wasipate vidonda vya kulalia, shuka kavu, na mtu wa kutazama ulimi na mapigo ya moyo usiku kucha. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya tiba ilikuwa uuguzi. Madaktari wa upasuaji walifanya kazi kubwa na sitaipunguza. Lakini mgonjwa aliyetoka mezani akiwa hai alibaki hai au alikufa mikononi mwa mwanamke mwenye gauni la kijivu, aliyekuwa amesimama tangu jana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague hadithi hii. Niliwahi kufanya kazi katika mlipuko wa kipindupindu, katika wilaya ambayo sitaitaja. Tulipewa shule. Jengo lilipatikana. Tulitoa madawati, tukapanga vitanda vile vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake, tukamwaga klorini mlangoni, na kufikia jioni tulikuwa na wagonjwa 40. Dripu zilikuwepo, maboksi kwa maboksi, zimefungiwa katika ofisi ya mwalimu mkuu iliyogeuzwa stoo. Funguo alikuwa nazo karani mmoja, ambaye alikuwa amepewa maagizo kwamba hakuna boksi litakalotoka bila sahihi ya mkubwa wake. Saa nne usiku karani alikwenda nyumbani kulala, na funguo zikaenda naye mfukoni. Saa nane usiku dripu za wodini zikatuishia. Nilikuwa muuguzi wa zamu, nilikuwa na mama mmoja ambaye mshipa wake haukushikika tena na ngozi ya tumbo lake ukiifinya inabaki imesimama, na kati yangu na dawa yake palikuwa na kitasa. Kijana mlinzi ndiye aliyeniletea nondo. Tulivunja. Asubuhi niliandikiwa barua ya kujieleza. Yule mama alitoka salama siku ya nne, na barua ninayo mpaka leo.

Basi niliposoma habari za Heliopolis miaka mingi baadaye, nilikutana na muuguzi mkuu wake, Jane Bell, na nikahisi kana kwamba nimemfahamu siku zote. Alikuwa mzaliwa wa Uskoti aliyelelewa kikazi Australia, na alikuwa tayari matroni, yaani muuguzi mkuu, wa hospitali kubwa ya Melbourne alipokwenda vitani. Huko kwao, matroni ndiye aliyepanga wauguzi: nani afanye kazi wodi gani, nani ahamishwe, nani apumzike. Hotelini Heliopolis alikuta kwamba jeshi halikuwa na nafasi ya mamlaka hayo. Mkuu wa hospitali, Luteni Kanali William Ramsay Smith, na msajili wake, James Barrett, daktari wa macho na masikio kutoka Melbourne, waliona kwamba amri juu ya wauguzi ni ya maofisa. Wauguzi hawakuwa na cheo chochote cha kijeshi. Muuguzi aliyesomea kazi miaka mitatu na kuifanya kumi alimwambia askari mhudumu aoshe sakafu au anyanyue mgonjwa, na askari huyo angeweza kumwuliza kwa cheo gani anamwamuru.

Watu wengine wameandika juu ya mgogoro ule kama ugomvi wa wakubwa wenye hasira. Mimi siuoni hivyo. Ninamwona matroni aliye na wagonjwa kwa maelfu, walioenea katika hoteli, ukumbi wa kuteleza, kiwanda na kasino, na ambaye hawezi kumtoa muuguzi mmoja aliyechoka kutoka jengo hili na kumpeleka lile bila kupingwa. Ni funguo zile zile za stoo, katika umbo jingine. Mvutano ulifika mpaka serikali ya Australia, uchunguzi ukafanyika, na mwezi Agosti 1915 Jane Bell na Ramsay Smith wote wawili waliitwa warudi nyumbani. Jane Bell aliondoka Misri wakati wodi zimejaa kuliko siku zote, na sijui kama kuna adhabu inayomchoma muuguzi kuliko hiyo.

Mwaka 1916 wauguzi wa jeshi la Australia walipewa vyeo vya heshima vya uofisa, na alama zake wakazivaa mabegani. Mnisamehe nikilisema hili kwa uchungu kidogo: vyeo vilikuja baada ya treni zote zile, wakati hospitali ile ilikuwa inahamishwa kutoka Heliopolis kwenda Rouen, Ufaransa, ambako mitaro ya vita ilikuwa inamwaga majeruhi wengine. Jane Bell alirudi katika hospitali yake ya Melbourne na akaendelea kuwa matroni hadi mwaka 1934, akifundisha vizazi vya wauguzi waliokwenda wodini wakijua mamlaka yao.

Hoteli nayo ilirudi kuwa hoteli, ikafungwa baadaye, ikawa ofisi za serikali, na tangu miaka ya 1980 ni ikulu ya rais wa Misri, inayoitwa Kasri la Ittihadiya. Kuba lipo pale pale. Ukilitazama pichani wakati wageni wa nchi wanapokewa huwezi kuona kwamba chini yake palikuwa na machela.

Nilipofika asubuhi hii nilimwomba muuguzi mkuu wa hapa anitembeze kidogo, na katika wodi ya majeruhi nikaona kando ya meza ya zamu kijisanduku ukutani chenye funguo mbili, ya kabati la dawa na ya stoo, na daftari ambamo kila anayezichukua anaandika jina na saa. Nilisoma ukurasa wa jana usiku. Saa nane na dakika kumi, jina la muuguzi, dripu mbili. Nilisimama pale kwa muda, mpaka mwenyeji wangu akaniuliza kama naumwa.

Saa yangu inanionyesha kwamba ni saa saba kasorobo, na wenzenu wa zamu ya mchana wanapaswa kwenda kupokea ripoti. Nawaruhusu, kwa idhini ya Mwenyekiti. Asanteni sana kwa kunisikiliza.